Njia za kutembea Seward, Alaska: ipi ya shangazi, ipi ya mgumu wa Kilimanjaro?

Kila kiangazi wageni wakishatua kwangu Anchorage, siku ya pili tu swali linakuja: "Tukienda Seward, tupande wapi?" Nimelijibu mara nyingi mpaka nimeamua kuliandika, maana jibu linategemea anayeuliza ana miaka mingapi, magoti yake yakoje, na kule ghubani maji yanapwa saa ngapi.

Seward ni mji mdogo, wakazi hawafiki 3,000. Uko kilomita kama 200 kusini mwa Anchorage, mwisho wa barabara na mwisho wa reli, kwenye ncha ya ndani ya ghuba ya Resurrection. Jina ni la William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Marekani aliyeinunua Alaska kutoka kwa Warusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2. Milima inaanzia nyuma ya nyumba za watu. Ng'ambo ya milima hiyo kuna uwanda wa barafu wa Harding, kilomita za mraba zipatazo 1,800, yaani mkubwa kidogo kuliko kisiwa cha Unguja, na kutoka humo inateremka karibu mito 40 ya barafu. Mmoja tu kati ya hiyo unafikika kwa barabara: Exit Glacier. Ndiyo maana watu wote wanaishia hapo, na ndiyo maana wengi wanarudi bila kujua kwamba Seward ina njia nyingine tano au sita za kwenda kwa miguu.

Mwaka juzi nilipokea wageni wawili kwa wakati mmoja. Shangazi yangu kutoka Pangani, miaka 67, goti la kushoto linamsumbua akishuka ngazi. Na shemeji yangu wa Moshi, aliyepandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro miaka minane, mgumu hasa. Tulikaa Seward siku nne. Mengi ya hapa chini yametokana na siku hizo.

Kwanza namba. Vibao vya huko vyote vimeandikwa kwa maili na futi, nimezigeuza kwa makadirio. Urefu ni wa kwenda na kurudi.

| Njia | Urefu | Kupanda | Muda | Anayefaa |
|---|---|---|---|---|
| Mzunguko wa chini, Exit Glacier | km 1.6 | hakuna | saa 1 | kila mtu, hata kiti cha magurudumu |
| Mahali pa kutazamia barafu | km 3.5 | kidogo | saa 1 na nusu | mwenye kuweza ngazi |
| Harding mpaka Marmot Meadows | km 4.5 | mkali | saa 2 hadi 3 | mwenye afya ya kawaida |
| Harding mpaka Top of the Cliffs | km 7.7 | mkali | saa 4 hadi 5 | mwenye mazoezi |
| Harding mpaka mwisho | km 13 | kama mita 1,000 | saa 6 hadi 8 | mwenye pumzi na magoti |
| Tonsina Point | km 5 | kidogo | saa 2 hadi 3 | familia |
| Caines Head, ufukwe wa kaskazini | km 14.5 | kidogo | hutegemea maji | mwenye subira |
| Lost Lake | zaidi ya km 22 | wa taratibu, mrefu | siku nzima | mwenye miguu |
| Mount Marathon | km 5 | mita 921 | saa 3 hadi 5 | asiyeogopa korongo |

Exit Glacier chini, au Harding juu?

Njia rahisi kuliko zote na ile inayotoa watu jasho zinaanzia mahali pamoja, kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya Kenai Fjords. Kwa hiyo familia yenye watu wa kila namna inaweza kwenda kwa gari moja na kugawana hapo hapo. Kiingilio hakuna. Tatizo ni maegesho: mwezi Julai, ikifika saa nne asubuhi yamejaa. Kuna mabasi madogo ya kulipia kutoka mjini, na mtu asiye na gari hana sababu ya kukodi kwa ajili ya safari hii peke yake.

Ukiwa njiani kwenda huko utaona vibao vidogo kando ya barabara vyenye miaka tu, bila neno jingine. 1815. Baadaye 1889. Vinaendelea hivyo mpaka ndani ya hifadhi: 1917, 1926, 1951, mpaka 2010 kule juu. Kila kibao kinaonyesha ncha ya barafu ilikuwa wapi mwaka huo. Kile cha kwanza utakipita ukiwa bado ndani ya gari, katikati ya msitu wa miti mikubwa, na hutaamini kwamba hapo palikuwa barafu. Barack Obama alikuja kutembea hapa mwaka 2015 akiwa rais, na vibao hivi ndivyo alivyotaka dunia ivione.

Mzunguko wa chini umesawazishwa vizuri, kokoto ndogo zilizoshindiliwa, hakuna ngazi. Shangazi aliutembea na fimbo moja bila kulalamika. Ila nikwambie ukweli ambao picha za zamani hazikwambii: barafu imerudi nyuma sana. Zamani watu walisimama karibu nayo kabisa. Siku hizi ukiwa chini unaiona ng'ambo ya bonde la kokoto, na hata ukipanda mpaka mahali pa kutazamia bado unaitazama kwa mbali. Shangazi alisimama kwenye kibao cha 1926, akaangalia kule juu ilikojikunja, akauliza, "Sasa mwanangu, ndiyo ile?" Ndiyo ile. Rangi yake ya bluu inaonekana hata kutoka hapo. Barafu ya namna hii imeshindiliwa na uzito wake miaka mingi mpaka hewa imetoka, ikawa inameza wekundu wa mwanga na kuuachia ubluu.

Kwa hiyo kama mgeni wako anaweza njia ya chini tu na ndoto yake ni kuona barafu uso kwa uso, mimi siku hizi namshauri apande boti. Boti za watalii zinatoka bandarini Seward kwenda kwenye mito ya barafu inayomwaga baharini kama Aialik na Holgate, na huko utasikia mapande yakimeguka na kuanguka majini kwa kishindo. Shangazi tulimpandisha siku ya tatu. Habari za njia za miguu hajazisimulia tena, anasimulia boti.

Njia ya Harding ni habari nyingine. Inaacha bonde na kupanda ubavuni mwa Exit Glacier, kwa wastani mita 150 za mwinuko kwa kila kilomita, mpaka unatokeza ukingoni mwa uwanda wenyewe. Mwanzo ni msitu wenye unyevu na mawe yenye utelezi, halafu vichaka, halafu majani ya mlimani yenye maua, halafu mawe na theluji tu.

Shemeji alipoona kwenye ramani kwamba mwisho wa njia ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, alicheka. "Shem, hata geti la Marangu liko juu zaidi ya hapo. Mimi huko nilikuwa nabeba kilo ishirini." Alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalowapoteza watu wetu. Sisi tumezoea kwamba barafu iko juu kabisa, ukiifuata lazima ukutane na upungufu wa hewa. Seward barafu iko chini kuliko Arusha mjini. Pumzi haikatiki, kichwa hakiumi, unajiona uko vizuri. Ila Kilimanjaro siku ya kwanza unapanda, unafika kambini, unalala. Hapa mita elfu moja unazipanda na siku hiyo hiyo unazishuka zote, juu ya mawe yaliyolowa. Kurudi, chini ya Marmot Meadows, mgumu wangu alikuwa anashuka kinyumenyume akishika matawi. Hakusema kitu. Usiku alimuomba shangazi dawa yake ya kuchua.

Lakini kule juu! Unapita bega la mwisho la mlima, karibu na kibanda kidogo cha dharura, halafu nchi inakwisha. Weupe mtupu mpaka macho yanapoishia, na vilele vya milima vinachungulia kama watu waliozama shingoni. Hakuna sauti ila upepo. Shemeji alikaa juu ya jiwe akala mkate wake wote bila kuniangalia.

Je, uende nusu au mpaka mwisho? Nitakuwa wazi: kwa watu wengi ninaowaleta, Top of the Cliffs ndipo pa kugeuzia. Hapo umeshaona barafu kutoka juu, nyufa zake na mikunjo yake, na kipande cha uwanda kule nyuma, na umepunguza karibu nusu ya adhabu ya kushuka. Mpaka mwisho ni kwa siku ya anga safi tu. Mawingu yakiwa yamekaa mlimani asubuhi usijidanganye kwamba yataondoka. Utatembea saa nne kwenda kuangalia ukungu, na mimi nimeshawahi. Marmot Meadows nayo, ambayo vitabu vingi vinaipita haraka, inatosha kabisa kwa wenye watoto wa shule. Kuna uwanda wa majani, na ukitulia utawaona marmot, wanyama walioipa jina, wanene wa manyoya, wanapiga mluzi kama mtu. Ukitaka kuwapata akilini, mfikirie pimbi aliyelishwa kupita kiasi.

Theluji nusu ya juu hudumu mpaka Julai, miaka mingine zaidi. Mwezi Juni beba fimbo mbili na vile vyuma vya meno vya kuvalia chini ya kiatu. Mbwa haruhusiwi njia zote za hapo.

Na dubu. Dubu weusi wanaonekana njia ya Harding karibu kila siku ya kiangazi, wanakula matunda ya vichakani. Kanuni ni kupiga kelele ili usimshtukize: ongea, piga makofi, imba. Beba kopo la pilipili ya kupuliza, lining'inie kiunoni na si ndani ya begi. Shangazi, baada ya kuelezwa haya, kila kona ya mzunguko wake wa chini alikuwa anaita "Hodi! Hodi jamani!" Wazungu walikuwa wanageuka. Nikamwambia shangazi, endelea hivyo hivyo, hakuna aliyewahi kuwapigia hodi dubu wa Alaska kwa adabu namna hiyo.

Tonsina au Caines Head?

Hizi ni njia moja yenye vituo viwili, na tofauti kati yao ni maji ya bahari.

Unaanzia Lowell Point, kilomita chache kusini mwa mji kwa barabara ya kokoto iliyobanwa kati ya mwamba na bahari. Maegesho yana ada ndogo. Kufika Tonsina unatembea ndani ya msitu uliofunikwa na kuvumwani, magogo yameota manyoya ya kijani, unateremka mlima mmoja, unavuka madaraja ya mbao, unatokea ufukweni. Mwishoni mwa Julai na Agosti samoni wanapanda kijito kutaga, wamejaa mpaka migongo iko nje ya maji, na tai wenye vichwa vyeupe wamekaa juu wanasubiri. Kwa familia yenye watoto wadogo mimi naiweka mbele ya Exit Glacier, nasema bila kuuma maneno. Mtoto wa miaka sita barafu ya mbali haimwambii kitu. Samaki anayeruka miguuni mwake atamkumbuka. Kwa shangazi haikufaa, kwa sababu ule mteremko wa kuelekea Tonsina ndio mlima wa kupanda wakati wa kurudi.

Kuendelea mpaka Caines Head ni sharti upite ufukweni, chini ya majabali, na hapo pakijaa hapapitiki. Wenyeji wanasema usiende mpaka jedwali la maji lionyeshe kupwa kwa futi 3 au chini ya hapo, na uondoke Tonsina saa mbili kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa. Ukifika, kuna ngome ya vita vya pili vya dunia, Fort McGilvray, imejengwa juu ya mwamba unaotazama ghuba yote, na mahandaki yake bado yapo. Ndani ni giza totoro, chukua tochi.

Sasa nicheke mwenyewe. Mimi mtoto wa Pangani, nimekua najua bamvua na maji mafu kabla sijajua kusoma, mwaka wangu wa pili Alaska nilikwenda Caines Head bila kuangalia jedwali. Niliyaona maji yako chini, nikasema twende. Yalikuwa yameshaanza kujaa. Nilifika, nikazunguka ngome, niliporudi ufukwe ulikuwa umekwisha, mawimbi yanapiga mwamba. Nilikaa juu ya gogo zaidi ya saa sita, jaketi limelowa, nimebakiwa na chungwa moja. Nilipompigia baba Jumapili yake kumsimulia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani mwezi hukuuona?"

Lost Lake au Mount Marathon?

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu wanaozitaka ni vijana wale wale, wanaosema Exit Glacier kuna watu wengi.

Lost Lake ni ndefu lakini ina huruma. Mwinuko ni wa kama mita 600 umegawanywa kwa kilomita kumi na moja, ukungu ukiondoka unatembea juu ya nyanda za majani na viziwa vidogo, na mwisho ni ziwa kubwa juu ya mstari wa miti. Ni mahali pa kupiga hema. Mwenye nguvu anaweza asirudi alikotoka, akateremkia upande wa pili kwa njia ya Primrose, lakini huko utahitaji gari la kukusubiri. Kabla ya katikati ya Julai juu ni theluji na matope, usihangaike. Kando ya njia kuna mmea wa majani mapana wenye maua meupe kama mwavuli. Utomvu wake ukikugusa kisha ngozi ikapigwa na jua, unatoka malengelenge. Vaa suruali ndefu hata kama ni joto.

Mount Marathon ndio ule mlima unaouona ukiwa popote Seward, umeegemea mji. Kila tarehe 4 Julai watu wanaupanda na kuushuka mbio, mashindano yaliyoanza rasmi mwaka 1915. Masimulizi ya mji yanasema chanzo ni ubishi wa wanaume wawili kama inawezekana kwenda na kurudi ndani ya saa moja. Inawezekana: mwaka 2015 Kilian Jornet wa Hispania alitumia dakika 41 na sekunde 48. Hilo lisikupe kichwa. Mwaka 2012 mshiriki mmoja alipotea juu huko siku ya mashindano na hajaonekana mpaka leo.

Kuna njia ya wakimbiaji na njia ya watembezi, na ni vitu viwili tofauti. Ya wakimbiaji inaanza kwa kushika mizizi na mwamba, na kushuka kwake ni kuteleza ndani ya kokoto laini mpaka viatu vijae. Ya watembezi inaanzia mwisho wa juu wa mtaa wa Monroe, inapita msituni mpaka kwenye bonde lenye umbo la bakuli chini ya kilele. Hilo bakuli linatosha. Kuna utulivu, kuna kijito, mara nyingi kuna mbuzi weupe wa milimani wamesimama mahali ambapo mbuzi wetu angeita mama. Kama huna uzoefu wa miamba, geuza hapo. Shemeji, siku moja baada ya Harding, aliutazama huu mlima kutoka dirishani kwa muda mrefu, akasema leo tunywe chai.

Mjini kwenyewe

Siku ya mvua, na Seward mvua ni nyingi, kuna njia mbili za kujinyoosha. Two Lakes ni mzunguko wa kama kilomita 1.6 chini ya mlima, msituni, umbali wa kutembea kutoka hotelini. Njia ya lami ya ufukweni inaunganisha bandari na kituo cha viumbe vya bahari, Alaska SeaLife Center, na inapita mahali penye alama ya mwanzo wa Iditarod, njia ya kihistoria ya sleji zilizovutwa na mbwa. Tambarare, viti kila hatua chache, kiti cha magurudumu kinapita bila shida. Hapo ndipo shangazi aliwaona fisi maji wa baharini wakielea chali, mmoja amembeba mtoto kifuani. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nne usiku, jua bado liko juu, akikataa kuamini kwamba ni wakati wa kulala.

Ukiwa na siku mbili tu

Nenda kati ya mwisho wa Juni na mwanzo wa Septemba. Majira ya baridi barabara ya Exit Glacier hufungwa kwa magari. Usiku wa kwanza pata jedwali la maji bandarini, halafu tazama anga. Kupwa kukiwa asubuhi na mawingu yamekaa chini, nenda pwani: Tonsina kwa wenye watoto, Caines Head kwa wakubwa, hata kwenye ukungu msitu unapendeza. Anga ikiwa safi siku yoyote kati ya hizo mbili, acha kila ulichopanga, uwe Exit Glacier kabla ya saa mbili asubuhi. Wazee wabaki mzunguko wa chini na chupa ya chai, wengine wapande mpaka Top of the Cliffs na kugeuza. Wawekeane saa ya kukutana, kwa sababu simu usizitegemee bondeni humo, na wazee wawekewe koti la mvua na sweta hata kama asubuhi imeamka na jua. Upepo unaotoka kwenye barafu haujali kama ni Julai.